Difu Haina Geji

Kwenye dashibodi ya Land Cruiser pikapu kuna geji ya joto la maji, geji ya presha ya oili ya injini, taa ya chaji, taa ya breki, na geji ya mafuta ambayo dereva huitupia jicho kabla hajaondoka. Difu ya nyuma haina hata kimoja katika hivyo. Lile tumbo la chuma lililotokeza katikati ya ekseli ndilo linalolisukuma gari kila mita ya safari, mzigo ukiwemo, lakini likipungukiwa oili halina pa kupeleka habari. Litafanya kazi likiwa kavu, kimya, kwa muda wake. Siku dereva atakaposikia mvumo ndani ya kebini, meno yatakuwa yameshalika.

Kwa hiyo anayebadilisha oili ya difu inambidi awe geji yeye mwenyewe. Vidole, pua na macho yake ndivyo vinavyosoma kile ambacho dashibodi haikisomi. Kazi yenyewe huisha asubuhi moja, chini ya mti, kwa spana mbili na beseni, na katika gereji nyingi hupewa kijana aliyeanza juzi. Mimi naiweka katika zile kazi zinazomtenganisha fundi na mfungua nati.

Jirani yangu hapa Muheza ana pikapu yenye injini ya 1HZ, ile dizeli ya silinda sita na lita 4.2 ambayo madereva wa vijijini huizungumzia kwa heshima. Hupanda nayo Amani, Usambara Mashariki, takriban mita 900 juu ya usawa wa bahari, akipeleka saruji, unga na sukari, na kushusha iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Kabla ya hapo aliendesha malori ya watu kwa miaka mingi. Injini ikihitaji mkono mkubwa ataipeleka kwa mafundi wa Tanga mjini, lakini oili zote za gari hilo hubadilisha mwenyewe uani, akisaidiwa na mtoto wa dada yake. Nimezoea kuvuka ua kwenda kutazama. Baadaye nikaanza kusoma vitabu vya gari lile ili nijue kwa nini mikono yake inafanya inavyofanya, na kila nilichosoma kilizidi kunifanya niitazame ile mikono kwa makini.

Kazi huanza kwa safari. Oili ya difu ni nzito, na ikiwa imepoa hutoka kwa kujivuta huku uchafu ukibaki umelala chini ndani ya hausingi, lile tumbo la chuma. Basi mzee huyo hulitoa gari kwanza, akashika njia ya Tanga kwa robo saa hivi, akageuza. Meno yakishazunguka, oili hupata joto na kulegea, na lile vumbi la chuma lililokuwa limetulia huchanganyika nayo, tayari kutoka. Anayemwaga oili baridi huimwaga nusu. Iliyobaki itaichafua mpya siku hiyohiyo.

Akirudi huegesha mahali palepale siku zote, juu ya kipande cha sakafu ya saruji alichokimwaga mwenyewe kwa pima maji. Nilidhani ni unadhifu tu. Kumbe kipimo cha oili ya difu ni tundu lenyewe la kujazia: oili ikifika kwenye mdomo wa tundu, imetosha. Gari likiinama, kipimo kinadanganya. Wapo wanaoinua nyuma kwa jeki ili wapate nafasi ya kuingia chini. Oili hukimbilia mbele, tundu liko nyuma ya hausingi, na fundi ataendelea kujaza akidhani bado haijafika. Land Cruiser iko juu ya kutosha, mtu mzima akilala chali anaingia bila jeki yoyote. Mawe mawili kwenye matairi ya mbele, handbreki, gia ya kwanza, ufunguo mfukoni mwake mwenyewe, ndipo anatandika gunia na kuingia.

Hapo haguzi nati. Huchukua brashi ya waya na kopo la dizeli, akasugua pande zote za nati mbili, ya kujazia na ya kumwagia, mpaka chuma kionekane. Udongo wa njia ya Amani ni mwekundu, ukishika umeshika, na ndani ya udongo huo mna mchanga. Chembe moja ikidondokea ndani kupitia tundu itasagwa pamoja na oili kwa maelfu ya kilomita. Sijawahi kumwona akiiharakisha hatua hii, hata siku ambayo mvua ilikuwa inakuja.

Mpwa wake alipokuwa bado mgeni wa kazi alipeleka spana moja kwa moja kwenye nati ya chini.

"Ya juu kwanza, mjomba," mzee akamwambia.

"Mjomba, si tunamwaga kwanza ndiyo tujaze?"

"Ukishamwaga, halafu ya juu ikagoma, gari utalitoaje hapa?"

Katika hatua zote hii ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu haina ugumu wowote ila wa kufikiri. Nati ya kujazia hukaa miaka bila kuguswa. Hupigwa na tope, hushika kutu, na pengine iliwahi kufungwa na mtu aliyetumia nguvu kuliko akili. Ikigoma ukiwa hujamwaga, hujapoteza kitu: utaipaka mafuta ya kulegeza kutu, utaiacha ilale, kesho utarudi. Ikigoma huku difu ni tupu, gari limekufa mahali pake. Mpangilio huo mmoja, ambao haugharimu hata shilingi, unamkinga mtu na hasara ya kukodi gari la kuvuta.

Nati za gari lile ni namba 24, na mzee ana boksi spana ya pembe sita aliyoinunua kwa ajili yake tu. Ya pembe kumi na mbili hushika kwenye ncha za nati, ikazilainisha. Ya pembe sita hushika ubavu mzima. Spana malaya hairuhusiwi kabisa chini ya gari lake. Tena hapendi kuchomeka paipu ndefu kwenye mpini. Paipu inampa mtu nguvu lakini inamnyima habari, maana kwa mpini mfupi mkono unasikia nati inavyoanza kulegea, na vilevile unasikia inapoanza kujikata. Ikiwa ngumu, huigonga kichwani kwa nyundo ndogo, mara kadhaa, bila hasira, kisha anajaribu tena. Mara nyingi kinachoshikilia ni utando wa kutu, na mgongo wa nyundo unatosha kuupasua.

Ya juu ikishafunguka, anaifunga kwa vidole na kwenda ya chini. Huilegeza kwa spana robo mzunguko, kisha anamalizia kwa mkono huku akiisukuma juu, ili nyuzi zikiisha isitoke mpaka atake yeye. Kisha anauvuta mkono kwa upande, haraka, na oili inashuka kwenye beseni bila kumgusa kiwiko. Anafungua ya juu kabisa ili hewa iingie. Mkondo unakuwa mnene, kisha mwembamba, kisha matone.

Na anayaacha matone. Hapa ndipo wengi hurudisha nati, maana oili imeshatoka yote, au karibu yote. Yeye hutoka chini ya gari, ananawa, anakunywa kahawa, anauliza habari za mji. Matone yanaendelea kudondoka muda wote huo, na yale ya mwisho ndiyo mazito, yaliyobeba kilichokuwa sakafuni mwa hausingi. Kutwaa nusu saa kwa ajili ya kijiko kimoja cha uchafu kunaweza kuonekana kupoteza muda. Naamini kijiko hicho ndicho sababu ya kazi nzima.

Kisha husoma. Nati ya chini ina sumaku ndogo katikati, na kwenye sumaku hukusanyika vumbi la chuma. Mzee hulichota kwa kidole gumba na kulisugua na cha shahada. Likiwa laini, jeusi linaloelekea kijivu, lisilokwaruza, meno yanazeeka kwa uzee wao wa kawaida. Hata difu yenye afya huacha uji huo. Zikionekana chembe bapa zinazong'aa, moyo unaingia wasiwasi, kwani beringi huanza kubanduka hivyo. Kikipatikana kipande chenye kona, kinachoweza kushikwa kati ya kucha mbili, hicho ni kipande cha jino, na hapo hakuna oili itakayosaidia, difu inafunguliwa. Lakini sumaku hushika chuma tu, shaba nyeusi haiishiki. Kwa hiyo hulipeleka beseni juani, akaliinamisha huku na huku, akitafuta mng'aro wa manjano kwenye oili. Niliwahi kumwona akikaa hapo muda mrefu kwa kilichokuja kuwa ukoko wa rangi uliobanduka nje. Hakuhisi amejisumbua bure. Alishajua.

Sijui kazi nyingine ya gari ambayo humpa mwenyewe taarifa ya miezi yote iliyopita namna hii, mzigo aliobeba, milima aliyopanda, maji aliyoyavuka. Oili ya injini hutoka nyeusi kwa masizi, na macho hayaambulii mengi. Oili ya difu haikutani na moto. Ikibadilika rangi, kuna kilichoibadilisha.

Masika mojawapo ilitoka imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Mpwa alishtuka, akadhani sili zote zimekufa. Mzee alimwonyesha kwa kidole kitu kilichoko juu ya ekseli, kipumulio kidogo chenye kifuniko. Gari linapotembea, difu hupata joto, na hewa iliyomo ndani hutanuka na kutokea pale. Ukiingia na difu ya moto kwenye maji yaliyofurika barabarani, hewa ile hupoa ghafla na kujikusanya, na difu huvuta pumzi. Kipumulio kikiwa chini ya maji au kimezibwa na tope, pumzi hiyo itakuwa ya maji, kupitia hapo au kupitia mdomo wa sili. Hakuna kilichokuwa kimevunjika. Maji yaliingia kwa sababu ya joto na baridi tu, na yangeachwa yangeotesha kutu kwenye beringi na kwenye nyuso za meno. Wiki hiyo alichomoa kipumulio, akaunga mpira hapo, akaupandisha kufuata chasisi mpaka juu karibu na bodi. Kazi ya mita chache za mpira na vibano viwili. Magari mengi yanayoishi kwenye tope yangestahili kufanyiwa hivyo siku ya kwanza.

Inafaa kusimama kidogo hapa na kuangalia kilichomo ndani ya chuma hicho, maana bila hivyo subira ya mzee itaonekana kuwa tabia tu.

Gari linapokata kona, tairi la nje hutembea njia ndefu kuliko la ndani. Umbali kati ya matairi mawili ya nyuma ukiwa takriban mita moja na nusu, gari likizunguka duara zima, tairi la nje litakuwa limetembea takriban mita 9.4 zaidi ya mwenzake. Na duara likiwa dogo la kuzungukia mwembe wa uani au kubwa la kuzungukia wilaya, tofauti ni ileile. Matairi yote mawili yakifungwa kwenye fimbo moja ya chuma, lazima mojawapo liburuzwe. Mwaka 1827 fundi saa wa Ufaransa, Onésiphore Pecqueur, alibuni kwa ajili ya gari la mvuke mfumo wa gia unaoruhusu kila tairi lizunguke kwa mwendo wake huku yote mawili yakiendelea kusukumwa. Magari ya petroli yalikuwa bado miongo kadhaa mbele. Wazo hilo limo ndani ya kila difu inayopanda Amani leo, na sioni ajabu kwamba lilitoka kwa mtu aliyezoea kufikiria magurudumu madogo yenye meno.

Kazi ya pili ya difu ni kupokea mzunguko unaokuja kwa propela na kuugeuza kona mraba kwenda kwenye matairi. Pinioni, gia ndogo iliyo mwishoni mwa propela, huisukuma kraunwili, ile gia kubwa ya duara. Katika uwiano wa 4.11, ambao Land Cruiser nyingi zinao, pinioni ina meno 9 na kraunwili meno 37. Idadi hizo hazikuokotwa. Thelathini na saba haigawanyiki kwa tisa wala kwa tatu, kwa hiyo jino moja la pinioni hukutana na meno yote 37 ya kraunwili kabla halijarudi kwa lile lililoanza nalo. Jino lenye kasoro haliendelei kumgonga jirani yuleyule kila mzunguko. Kasoro inagawanywa kwa wote, ikasuguliwa na wote. Mtu aliyekaa mezani na penseli akachagua 37 badala ya 36 ameyapa maisha marefu magari ambayo hatayaona.

Halafu kuna mkato wa meno. Zamani pinioni ililenga katikati kabisa ya kraunwili. Katika miaka ya 1920, kampuni ya Gleason ya Rochester, Marekani, ilileta mkato wa haipoidi, ambamo pinioni hukaa chini ya kitovu cha kraunwili, na Packard wakauweka kwenye magari yao katika miaka hiyohiyo. Propela ikashuka, bodi ikashuka nayo, meno yakawa mapana na yenye nguvu, mlio ukapungua. Gharama yake ni kwamba meno ya haipoidi hayabiringiki tu, bali huteleza yakikwanguana huku yamebanwa kwa nguvu ya gari zima. Oili ya kawaida ikiwekwa hapo hukamuliwa ikatoka, na chuma kikakutana na chuma.

Ndiyo maana oili ya difu ina harufu ile inayoganda kwenye nguo mpaka ifuliwe mara ya pili. Ni harufu ya salfa. Viungo vya salfa na fosforasi vilivyomo hukaa kimya mpaka meno yanapobanana na kupata joto kali. Hapo hushikana na chuma na kutandaza utando mwembamba juu yake. Kinachokwanguliwa ni utando, si jino. Utando ukiondoka, mwingine unatandazwa, muda wote viungo vikiwapo. Vinatumika, vinapungua. Hivyo oili inaweza kuwa imejaa mpaka mdomoni, safi kwa macho, na bado imeshachoka.

Kitabu cha Toyota kinataka oili ya daraja la GL-5, uzito wa SAE 90, kwa nchi zisizo na baridi ya barafu. Mzee hufuata hivyo na habishani nacho. Wapo mafundi wanaowashauri wenye difu inayovuma waweke 140, nzito zaidi, na kweli mvumo hupungua. Yeye hakubali. "Umeliziba mdomo, hujalitibu," husema. Naungana naye, hasa nikimfikiria anayekwenda kununua gari mkononi mwa mtu na kuambiwa asikilize lilivyotulia. Oili hiyohiyo ya GL-5 haipeleki kwenye geaboksi inayodai GL-4, kwa kuwa salfa inayoyalinda meno ya difu inaweza kuzila taratibu zile pete za shaba zinazosaidia gia kuingia. Madumu yake mawili yameandikwa kwa rangi, na hayakai rafu moja.

Na hakuna pampu. Hili lilinishangaza kuliko yote niliyoyasoma. Injini ina pampu inayosukuma oili kila pembe, lakini ndani ya difu sehemu ya chini ya kraunwili huogelea kwenye oili, na ikizunguka huichota na kuirusha juu, mpaka ifike kwenye beringi za pinioni zilizo mbele. Kiwango kikishuka, kraunwili itachota kidogo, na beringi za mbele ndizo zitakazokosa kwanza, huku chini ya hausingi bado kuna oili ya kumdanganya mtu. Ndipo nikaelewa ile sakafu ya pima maji.

Basi mzee anarudi chini. Nati ya chini imefutwa, sumaku imesafishwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Washa ikiwa ni ya shaba na mpya haipo, huichoma kwenye jiko la mkaa mpaka iwive nyekundu, akaitumbukiza majini. Shaba, tofauti na chuma cha pua kinachotengenezewa visu, ukiichoma na kuipoza hivyo hulainika, ikawa tayari kubanwa upya na kuziba. Kijana alipoona mara ya kwanza alidhani ataikuta imekuwa ngumu. Mzee akampa aikunje kwa vidole.

Kukaza kuna kipimo chake, nyutoni-mita 49. Ukiwa na mpini wa sentimita 25, hiyo ni sawa na kuning'iniza kilo 20 mwishoni mwake. Si nguvu nyingi. Mwanamume mwenye mabega hupita hapo bila kujijua, na ndivyo nyuzi za hausingi zinavyoharibiwa. Nati ni ya bei ndogo, hausingi siyo. Mzee hana spana ya kupimia, lakini aliwahi kumfanya kijana afunge mfuko wa kilo 20 za unga kwenye mpini ulionyooshwa ubavuni, ausikie uzito, kisha autoe na kuvuta kwa mkono mpaka ausikie tena. Hayo ni mafunzo. Sijaona gereji inayofundisha hivyo.

Kujaza ndiko kunakowashinda wengi wa nyumbani, kwa sababu tundu liko ubavuni kwa nyuma, dumu haliwezi kuinamishwa chini ya gari, na oili nzito haina haraka. Wanaotumia chupa ya maji iliyotobolewa humwaga nusu mavumbini. Mzee huliweka dumu juani tangu asubuhi. Jua la Muheza saa nne linatosha kuilegeza oili. Kisha hulifunga kwa kamba ubavuni mwa bodi ya pikapu, juu, akashusha mpira mwembamba unaopitisha mwanga mpaka ndani ya tundu. Mpira ni wa kuonekana ndani ili kijana aone oili inavyoshuka na kama kuna povu la hewa. Takriban lita 3 huingia zenyewe, polepole, bila mtu kusukuma.

Oili inapoanza kuchungulia kwenye mdomo wa tundu, anabana mpira na kungoja. Hausingi ina mikono miwili mirefu kwenda kwenye matairi, na oili huchukua muda kutambaa humo. Dakika chache baadaye kiwango kimeshuka. Anaachia tena kidogo. Inachungulia, inashuka. Mwishoni uzi mwembamba wa oili hutoka tunduni na kuteremka ukutani mwa hausingi, anauacha ukatike wenyewe, anaingiza kidole na kuhakikisha oili iko sawa na mdomo au chini yake kidogo mno, isizidi milimita 5. Kwa nini asiongeze akiba? Kwa sababu difu iliyojaa kupita kiasi huchafuka povu, hujenga presha, na oili hutafuta njia kupitia sili za ekseli hadi kwenye breki. Kwenye mteremko wa Amani, na mzigo nyuma, breki zilizolowa oili ni jambo la uhai wa watu.

Akishafunga ya juu, anafuta kila kitu mpaka pakauke. Wasioelewa hudhani ni usafi wa kuonyesha. Kesho asubuhi atapitisha kidole chini ya kila nati. Pakiwa pakavu, nati imeshika, na pakiwa na unyevu hakuna ubishi kwamba ni wa leo. Kisha huchukua daftari la shule lililoko chini ya kiti na kuandika tarehe, kilomita, aina ya oili, na alichokiona kwenye sumaku. Mistari ya sumaku ndiyo niliyoisoma kwa hamu. "Uji laini." "Uji laini." "Maji." "Uji laini, kidogo." Kwa gari la barabara ya lami watu hungoja kilomita 40,000, yeye hubadilisha kila 20,000, na baada ya kila masika iliyomwingiza majini hafuati kilomita.

Oili chafu huirudisha kwenye dumu tupu na kulifunga. Hapa kwetu watu huiomba wapake nguzo za uzio dhidi ya mchwa. Huwapa, ila hampi mtu ambaye nguzo zake ziko karibu na kisima, na amewahi kumkatalia mtu waliyeheshimiana sana kwa sababu hiyo.

Safari ya kwanza baada ya hapo ni ya kusikiliza. Redio imezimwa, vioo viko chini. Anakanyaga mafuta na kusikiliza sauti ya difu ikivuta. Anaachia na kuisikiliza ikisukumwa na matairi, maana upande mmoja wa meno hufanya kazi ya kwanza na upande wa pili hufanya ya pili, na kila upande una uchakavu wake. Akifika juu anasimama, anashuka, anaweka kiganja kwenye hausingi. Joto ambalo mkono unalivumilia ni joto la kazi. Mkono ukiruka, kuna jambo.

Difu ya mbele inafuata Jumamosi inayokuja. Hiyo hubeba mzigo mdogo na oili yake hutoka ikiwa safi zaidi, lakini ina ugonjwa wake: sili ya ndani ikichoka, oili huvuja kwenye viungo vya usukani vya matairi ya mbele, ikayeyusha grisi iliyomo, na kiwango cha difu kikapungua bila tone kuonekana chini ya gari. Mzee amesema safari hii kijana ndiye atakayelala kwenye gunia, na yeye atashika tochi.